UMEWEKA 'P', HENDIBREKI UMEMWACHIA NANI?

KUNA ugonjwa umeingia mjini na sasa unapanda magari kwenda mikoani. Hauna homa, hauna kikohozi. Mgonjwa anafika, anasimamisha otomatiki yake, anasukuma mkono wa gia mpaka kwenye herufi P, anazima, anabonyeza rimoti, 'twiti twiti', huyo anatembea zake na miwani ya jua. Muulize, "Kaka, hendibreki vipi?" Atakuangalia kama umemuuliza habari za kodi ya kichwa. "Aaah, hii si otomatiki bwana! Ukiweka P imeisha hiyo."

Haijaisha. Ndiyo kwanza imeanza, na ukitaka kujua inavyoanza, twende wote Kibiti.

Nasema Kibiti kwa sababu nusu ya vijana wa Mbagala wana shangazi kule, na nusu iliyobaki wana mipango yao. Wa msiba yumo, wa harusi yumo, wa korosho yumo, wa kufuata kamba na kaa wa delta naye yumo. Yupo anayekata kushoto Bungu aende Nyamisati, avuke mpaka Mafia akamwone papa potwe. Yupo anayekata kulia pale Kibiti aelekee Mloka, mlangoni kwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kutoka Dar mpaka Kibiti hazifiki kilomita 150, barabara ni lami, na nchi ya Rufiji yenyewe ni tambarare, ndiyo maana mpunga umekubali.

Hapo kwenye utambarare ndipo watu wanapoponzwa. Unasimama stendi ya Kibiti, unaweka P, unashuka kununua korosho, unarudi gari liko palepale. Ukifika Ikwiriri, P, gari liko palepale. Mwaka unakatika hujawahi kuvuta hendibreki hata mara moja na hakuna kilichotokea, sasa nani atakwambia kitu? Lakini ile siku utakayokutana na mteremko, na mteremko wa watu wa delta una maji kwa chini, ndiyo siku hiyohiyo utakayogundua kwamba waya wa hendibreki umeota kutu na haushiki kitu.

Ndani ya giaboksi kuna nini?

Tufungue kidogo, usiogope, hatutachafuka. Ukiweka P usidhani breki zimekamata matairi. Breki hazihusiki kabisa. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu dogo la chuma lenye meno, limekaa kwenye shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi. Pembeni yake kuna kipande cha chuma, ukikishika mkononi utasema ni kidole. Mkono wa gia ukiingia P, kile kidole kinaangukia katikati ya meno mawili. Basi. Hiyo ndiyo P unayoitambia mjini.

Sasa hesabu mwenyewe. Vitz peke yake ni kama tani 1. Noah ikijaa watu, magunia na shangazi, inapita tani 2 bila wasiwasi. Uzito wote huo, ukiegesha mlimani bila hendibreki, unalalia kidole kimoja cha chuma. Ukirudi na kutaka kuondoka, mkono wa gia unakuwa mgumu, unauvuta kwa nguvu, halafu unasikia 'KONG!' na gari linashtuka. Wengine wanaisikia hiyo 'kong' kila asubuhi na wameshaizoea, wanadhani ndiyo salamu ya gari. Ile ni sauti ya kidole kinachochomolewa kwenye meno huku gari zima limekiegemea. Kidole hicho hakikati siku ya kwanza, ni kigumu kweli. Kinalika ncha, na meno nayo yanalika, mpaka siku gari linateleza na P yake. Na kwa kuwa vyote hivyo vimo ndani ya giaboksi, kuvibadilisha maana yake ni kushusha giaboksi, na hiyo bili ukiiona utakaa chini kwanza.

Balaa jingine ni wale wenye haraka wanaoweka P kabla gari halijasimama. Utasikia 'kr-kr-kr-kr'. Yale ni meno yanapiga kidole. Ungekuwa mdomo wako ungeshakwenda hospitali.

Mpangilio ni mwepesi, na ukiuzoea wiki moja mkono unaenda wenyewe. Unafika, mguu wa kulia umekandamiza breki, usiutoe. Sogeza gia kwenye N. Vuta hendibreki mpaka ikaze. Sasa legeza mguu taratibu, liache gari likae lenyewe juu ya hendibreki. Litacheza kidogo, sentimita chache tu, halafu litatulia. Likishatulia kanyaga breki tena, ndipo upeleke P na uzime. Kwa mtindo huo uzito unabebwa na hendibreki, na kile kidole cha P kinakaa pale kama mlinzi wa zamu ya pili, hakuna anayekiegemea. Kuondoka nako usibadilishe: mguu kwenye breki, washa, toa P uweke D au R, ndipo ushushe hendibreki. Ukianza kushusha hendibreki wakati bado uko kwenye P mlimani, umekirudishia kidole mzigo wote, na 'kong' utaisikia vilevile.

Watu wa delta wenyewe hawahitaji kufundishwa haya, mradi uwaambie kwa lugha ya chombo. Nahodha anayelaza mashua yake mkondoni haachi kamba peke yake, na hatii nanga akasahau kamba. Anatia nanga, halafu anafunga kamba kwenye mkoko. Anajua maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Nenda kamwambie kamba moja inatosha kwa sababu mashua ni ya kisasa. Atakucheka mpaka meno ya mwisho yaonekane.

Likoni 2019, na yule kijana wa Star Trek

Tuache utani sasa.

Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, pantoni ya MV Harambee ilikuwa katikati ya mkondo. Ndani yake kulikuwa na gari dogo la familia, Toyota Isis, na ndani ya gari mama na binti yake wa miaka 4. Gari likaanza kurudi nyuma. Video iliyozunguka kwenye simu za watu ilionyesha linavyoteleza mpaka linaingia majini, mbele ya abiria waliokuwa wamesimama palepale. Ilichukua karibu wiki 2 kulitoa chini, kwenye kina cha zaidi ya mita 50, mama na mtoto wakiwa bado ndani.

Yaliyofuata, nani alaumiwe na pantoni ilikuwa na kasoro gani, yalizungumzwa sana Kenya nzima na yana wenyewe. Mimi nakutaka uangalie kitu kimoja tu. Pantoni ni sakafu ya chuma, imelowa, inayumba, na mwisho wake hakuna ukuta, kuna maji. Pale gari halihitaji mlima ndipo litembee. Linahitaji mita chache tu.

Na usidhani ni mambo ya magari ya mtumba. Juni 2016, huko Los Angeles, mwigizaji Anton Yelchin, yule aliyecheza Chekov kwenye filamu za Star Trek, alishuka kwenye Jeep Grand Cherokee yake nyumbani kwake. Gari likateremka nyuma yake na kumbana kwenye geti. Alikuwa na miaka 27. Gari lilikutwa injini inanguruma na gia iko N. Modeli ile ilikuwa na mkono wa gia wa umeme unaorudi katikati kila ukiusukuma, kwa hiyo macho hayakuambii kama P imeingia au haikuingia. Kampuni ilikuwa imeshatangaza Aprili mwaka uleule kuyaita magari zaidi ya milioni 1 kwa ajili ya kasoro hiyo. Sasa jiulize: kama aliyetumia gari jipya la mamilioni P ilimruka bila yeye kujua, wewe wa mtumba uliotembea Japani kilomita laki moja kabla ya kukufikia, unaiamini P kwa ushahidi gani?

Penye maji pana mteremko

Rudi kwetu. Kabla ya mwaka 2003, aliyekwenda Lindi na Mtwara kwa barabara alivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, ndilo lililomaliza kazi hiyo. Madereva wa zamani wakikaa kijiweni wanasimulia foleni za malori pale, siku na siku, mto ukifura. Lakini sikiliza vizuri simulizi zao, utakuta kila lori lilikuwa na utingo, na kila utingo alikuwa na gogo lake. Lori likisimama tu, kabla injini haijazimwa, utingo ameshashuka na gogo liko nyuma ya tairi. Hakuna aliyemwambia. Otomatiki zilipojaa mjini tukabaki na kila kitu isipokuwa utingo na gogo lake.

Siku hizi wa Ndundu anapita juu kwa juu, hata mto hauoni vizuri. Lakini wa Nyamisati bado ana maji mbele yake. Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, kinachobeba watu na magari kati ya Nyamisati na Mafia, na safari yenyewe si ya dakika 10 kama Kigamboni. Ni bahari. Kivuko kinapolala gatini, daraja lake la kupandia linafuata maji: yakijaa limelala, yakipwa limesimama. Gari la mbele yako likikwama katikati ya mteremko huo, nawe uko nyuma yake na otomatiki yako, hapo P huwezi kuitegemea na mguu utachoka. Hendibreki ndiyo itakayokushika.

Ukishapanda, fuata ule mpangilio niliokupa, N, hendibreki, halafu P. Magurudumu ya mbele yageuze kidogo yasitazame mlango. Omba gogo kwa mabaharia, na wakikwambia hakuna, wewe mwenyewe tembea na vipande viwili vya mti kwenye buti, havili chakula. Abiria wako wote washuke wapande kwa miguu. Najua kuna dada hapo atasema viatu vyake si vya kutembelea gatini. Avue.

Pancha barabara ya vumbi

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu hata madereva wa siku nyingi hawalijui. Umepata pancha kwenye njia za ndani huko, peke yako, tairi la mbele. Vitz, IST, Passo, zote hizo nguvu inakwenda matairi ya mbele, kwa hiyo P inafunga mbele. Umeweka P, hendibreki umesahau kama kawaida yako. Unapiga jeki, tairi linanyanyuka.

Ulipolinyanyua tu, umeifungua P.

Unakataa? Sikiliza. P inafunga shafti, haifungi tairi moja moja. Kati ya tairi la kushoto na la kulia kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu tairi moja lizunguke huku na la pili lizunguke kule. Matairi yote mawili yakiwa chini, yanabanana, gari halitoki. Ukinyanyua moja, lile la hewani liko huru kuzunguka litakavyo, kwa hiyo na la chini nalo linaweza kuzunguka upande wake. Gari linasogea, jeki inalala, na wewe mkono wako uko wapi wakati huo? Kwa zile zenye nguvu nyuma, Crown, Mark II, Hiace, ni habari ileile ukinyanyua tairi la nyuma.

Hendibreki kwa gari nyingi tunazoendesha inashika nyuma, na inashika kila tairi kivyake, haiulizi difu. Kwa hiyo kabla jeki haijatoka kwenye buti: hendibreki juu, jiwe mbele na nyuma ya tairi lililo kona ya pili, na chini ya jeki weka kipande cha ubao, maana mchanga wa kule unameza jeki kama uji. Abiria wasikae ndani. Mtoto naye asiachwe ndani 'anasikiliza muziki'.

Na hili la watoto nalo lina mambo yake. Gari za kisasa haziruhusu gia itoke P bila mguu kuwa kwenye breki. Hilo ni zuri. Lakini mtoto wa miaka 6 anaweza kukanyaga breki, ameshakuona mara elfu. Na hendibreki ya mkono inashuka kwa kubonyeza kitufe tu. Wale wanaoacha injini inanguruma ili kipupwe kisikate, mama anashuka 'mara moja tu' kununua samaki, na watoto wawili wanabaki mbele, sijui huwa wanawaza nini. Zima, toa ufunguo, nenda na watoto wako.

Iko wapi kwanza?

Si kila mtu anajua yake iko wapi, usicheke. Kuna ya mkono, katikati ya viti, hiyo wengi wanaijua hata kama wanaitumia kuning'iniza mkoba. Kuna ya mguu, kipedeli kidogo upande wa kushoto kabisa, kwenye Noah za kuanzia miaka ya 2000, Alphard, Premio na ndugu zao. Hiyo unaikanyaga kwa mguu wa kushoto mpaka ilie 'ta-ta-ta', na kuitoa, kwa baadhi ya gari unaikanyaga tena, kwa nyingine unavuta kishikio chini ya dashibodi. Ndiyo maana anayeazima Noah ya shemeji akakuta imefungwa, anaondoka nayo hivyohivyo, anashangaa gari zito. Akifika Mkuranga nyuma kunanuka kama mtu anachoma pembe. Hapo breki shuu zimeshapata moto, uso wake umekuwa laini na kung'aa kama kioo, na hata zikipoa hazitashika tena kama zamani.

Ya tatu ni ya kitufe, kina herufi P ndani ya duara, unakivuta au kukibonyeza na mota ya umeme inafanya kazi. Raha sana. Ila betri ikifa ukiwa umeifunga, gari haliendi popote mpaka upate umeme. Na fundi akitaka kubadilisha pedi za nyuma za gari la namna hiyo, lazima kwanza iwekwe kwenye hali ya matengenezo, kwa mashine au kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu. Ukimwona anachukua klempu anasukuma pistoni kwa nguvu, mwambie asimame palepale. Anakuvunjia mota.

Chumvi, tope na nati ya fundi

Basi hebu tuangalie afya yake. Waya wa hendibreki unapita chini ya gari ndani ya mrija wake, palepale panaporuka tope, maji na vumbi. Gari la mtu wa Nyamisati au Mafia linaongeza na chumvi. Chumvi ikiingia kwenye mrija uliochanika, waya unaota kutu na kunenepa, unaanza kukwama. Ukivuta inashika upande mmoja, ukiachia upande mmoja haurudi. Dawa ya kwanza haina gharama yoyote: itumie. Waya unaovutwa kila siku unajisugua wenyewe, hauzoei kulala. Anayeitunza hendibreki kwa kutoigusa ndiye anayeiua. Dawa ya pili ni kuosha gari kwa chini kwa maji baridi kila ukitoka pwani, si kung'arisha boneti tu na kupiga picha.

Mafuriko nayo. Mwanzoni mwa Aprili 2024 maji ya Rufiji yaliingia vijijini na mashambani Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huohuo, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zikakata barabara ya Lindi kule Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Gari lililopita kwenye maji ya namna ile halafu likaegeshwa na hendibreki juu kwa siku 3 au 4, breki shuu zinagandia dramu kwa kutu. Ukitaka kuondoka, nyuma hakuzunguki. Kwa hiyo ukitoka majini tu, tembea spidi 20 hivi huku unagusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Na ukipata siku, fundi afungue dramu, atoe tope. Zile zenye diski nyuma usijione umepona. Nyingi zina kidramu kidogo kimejificha ndani ya diski kwa ajili ya hendibreki tu, na tope linakipenda.

Kujipima ni dakika 1. Tafuta mteremko mdogo usio na watu, hendibreki juu, gia N, mguu uko juu ya breki tayari. Inua mguu. Gari likitulia, mshukuru Mungu. Likitembea hata taratibu, hapo huna hendibreki, una urembo. Ya mkono vilevile hesabu milio unapovuta. Kwa gari nyingi ndogo za Kijapani inatakiwa ikaze ndani ya mlio wa 5 mpaka wa 9 hivi, kitabu cha gari lako ndicho msema kweli. Ikifika juu kabisa kama inasalimia jeshi, waya umelegea au shuu zimekwisha.

Na hapo ndipo unapoingia mikononi mwa fundi. Fundi mvivu anajua jambo moja: kuna nati pale chini ya mkono wa hendibreki, anaikaza nusu dakika, "tayari bosi, leta ya soda." Hendibreki inakuwa fupi kweli, unafurahi. Kumbe shuu ndani zimekwisha, au zimekaa mbali na dramu, na yeye amevuta waya tu. Matokeo yake nyuma kunaburuza muda wote, mafuta yanaliwa, dramu inachemka. Fundi anayejua kazi anaanza tairini: anafungua dramu, anaangalia unene wa shuu, anasafisha, anazungusha kile kinyota cha kurekebishia mpaka shuu zikaribie dramu, anapima pande zote mbili ziwe sawa. Nati ya waya anaigusa mwisho, na pengine haigusi kabisa. Akimaliza ananyanyua nyuma, hendibreki iko chini, anazungusha matairi kwa mkono, yanazunguka bila kukwaruza. Simama uangalie hilo likifanyika ndipo utoe hela.

Nimeshaona pia gari ambalo waya umekatwa kabisa kwa sababu ulikuwa 'unasumbua', na taa nyekundu ya dashibodi imechomolewa waya isionekane. Taa hiyo, yenye alama ya mshangao ndani ya duara, ina kazi mbili: kukwambia hendibreki iko juu, na kukwambia mafuta ya breki yamepungua. Ikiwaka hali umeshashusha hendibreki, usimwite fundi umeme, funua boneti uangalie mafuta ya breki, maana pengine pedi zimekwisha au kuna mahali panavuja. Ukiwa kwenye wiki ya stika za usalama usijidanganye na kile kikaratasi kwenye kioo. Stika haishiki gari.

Breki za mguu zikikukatikia njiani, hendibreki ya mkono bado ni rafiki, mradi usiivute kwa mpigo kama kwenye sinema. Shusha gia kwenye 2 au L kwanza, bonyeza kitufe usikiachie, halafu vuta kidogo kidogo. Ukiikaza ghafla, nyuma kunajifunga na gari linageukia ulikotoka, hasa kwenye kokoto na mchanga.

Limebaki moja, la anayeacha gari Nyamisati anakwenda Mafia siku 10. Huyo namwambia kinyume cha yote niliyosema. Tafuta pale palipo sawasawa kabisa, mbali na mteremko wa gati. Weka P, weka mawe mbele na nyuma ya matairi mawili, halafu hendibreki ishushe, isije ikagandia kwa chumvi. Kijana anayekulindia mwambie mawe yasiguswe. Ukirudi anza kwa kutoa mawe, usianze kwa kukanyaga mafuta. Bampa la Vitz na jiwe la Rufiji havijawahi kuelewana.